Bunduki Ipi Bora? Kamuulize Mtunza Ghala

Tarehe 28 Mei 1982, kwenye kijiji cha wafuga kondoo kiitwacho Goose Green, katika visiwa vya Falkland kusini mwa Atlantiki, majeshi mawili yalipigana kwa bunduki moja. Waingereza walibeba FAL, ambayo wao waliiita SLR. Waajentina nao walibeba FAL. Zote mbili chimbuko lake ni kiwanda cha FN kilichoko Herstal, Ubelgiji, na mbunifu wake ni Dieudonné Saive. Risasi ilikuwa ile ile ya milimita 7.62 yenye ganda refu la milimita 51, na magazini ilikuwa ya risasi 20 kwa wote. Kama kulikuwa na tofauti, basi iliwapendelea Waajentina: FAL yao iliweza kumimina risasi mfululizo, wakati ile ya Waingereza ilipiga moja moja tu. Hata hivyo kulipokucha siku ya pili, Waajentina karibu elfu moja walisalimu amri mbele ya kikosi cha 2 Para ambacho hakikufika watu mia saba.

Nalikumbuka pambano hilo kila ninaposikia vijana wakibishana juu ya bunduki ipi ni kiboko ya nyingine, AK au M16, G3 au FAL. Ubishi wenyewe siudharau. Mimi pia nimeupenda tangu nilipokuwa kuruta, na ninaamini bunduki zinatofautiana kweli, tena tofauti hizo zimewazika watu. Ninachokataa ni namna tunavyozilinganisha. Tunaandika uzito, kasi ya risasi, umbali wa shabaha na idadi ya risasi kwa dakika, halafu tunatangaza mshindi. Kuna jambo moja huwa haliandikwi: je, jeshi lilimpa askari nini kingine pamoja na hiyo bunduki? Risasi za namna gani? Mafuta alipewa? Ufito wa kusafishia mtutu je? Siku ngapi za kupiga shabaha? Kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayoamua, na ushahidi ninao, mwingine kutoka hapa hapa pwani yetu.

Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Waliowasubiri chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa kama elfu moja, na kampuni nyingi za askari Waafrika zilikuwa bado zina Mauser ya mwaka 1871. Hiyo ilikuwa bunduki ya risasi moja moja: unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Tena ilitumia baruti nyeusi, ile inayotoa wingu la moshi mweupe kila ukipiga. Askari aliyejificha nyuma ya mnazi akipiga mara moja tu, adui anajua mnazi ni upi. Upande wa pili walikuwa na Lee-Enfield ya risasi 10, isiyotoa moshi, ambayo askari wa Kiingereza aliyefundishwa alitakiwa kupiga nayo shabaha 15 kwa dakika moja. Kwa jedwali la bunduki, Tanga ilikuwa imeshatekwa kabla meli hazijatia nanga. Watu wa Tanga wanajua kilichotokea. Baada ya siku tatu Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki za kisasa, bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000. Nyuki walishiriki, kama tunavyosimuliwa hadi leo, lakini bombomu za Wajerumani, nidhamu ya askari wale na uchovu wa watu waliotoka kutapika baharini kwa wiki kadhaa vilifanya kazi kubwa zaidi.

Kisa kinachonigusa zaidi ni kile kilichofuata. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifanikiwa kupenya hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa imebeba bunduki mpya na shehena ya risasi kutoka Ujerumani. Manowari ya Kiingereza iliipiga, ikazama nusu karibu na ufuko. Shehena ikaopolewa. Bunduki zilipona, lakini risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na sasa kazi ikawa kuzifungua moja moja, kuanika baruti na kuzifunga upya. Hata baada ya jasho lote hilo, risasi nyingi ziligoma. Fikiria askari anayekoki Mauser mpya kabisa, kazi safi ya kiwanda, analenga, anafyatua, anasikia “ka!” basi. Wakati huo Mauser yake ni sawa na rungu.

Wale askari walijifunza. Waliposalimisha silaha Mbala mwishoni mwa Novemba 1918, bunduki walizoziweka chini karibu zote zilikuwa za Waingereza na za Wareno. Hawakuzichagua kwa kuwa zimeishinda Mauser kwa shabaha. Walibeba zile ambazo risasi zake zilipatikana, na risasi zilizopatikana zilikuwa za adui. Sijaona kipimo cha bunduki ya vita kilicho cha kweli kuliko hicho.

Nina maana kwamba ubunifu hauna kazi? La. Chukua uzito, jambo ambalo mtu asiyewahi kutembea na silaha hulipuuza. Risasi moja ya FAL au G3 ina gramu 24 hivi. Ya AK ina gramu 16 na kidogo. Ya M16 ina kama 12. Kwenye kiganja tofauti hiyo huisikii, lakini beba risasi 200, ongeza maji, chakula, jembe la kuchimbia handaki na mzigo wa mwenzako aliyeumia, utaisikia kwenye magoti. Mwenye M16 anabeba risasi mbili mahali ambapo mwenye G3 anabeba moja. Na mwaka 1952 Mmarekani Norman Hitchman, aliyekuwa mtafiti wa jeshi lake, alikwisha kuonyesha kuwa askari wa kawaida hupiga watu walio ndani ya mita 300, wengi wao karibu zaidi ya hapo. Risasi kubwa inayofika mita 800 humbebesha nguvu ambayo macho yake hayaifikii.

Tofauti hii ilionekana wazi kaskazini mwa Msumbiji. Katika vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 huko Chai, wapiganaji wa FRELIMO, wengi wao waliopitia kambi za hapa kwetu Kongwa na Nachingwea, walipambana na Wareno waliobeba G3. Hii ni bunduki ya Kijerumani iliyozaliwa kutokana na kazi ya Hispania, nzito kama kilo 4.4, imara, ya shabaha nzuri. Risasi yake inapenya shina la mti ambalo risasi ndogo hukwama. Wakenya wanaifahamu vizuri kwa sababu polisi wao wameibeba kwa miongo mingi, na katika uwanda wa wazi wa Turkana, ambako mtu anaonekana toka mbali, sioni sababu ya kuicheka. Lakini kwenye vichaka vya uwanda wa Mueda risasi ya kwanza hupigwa mkiwa hatua thelathini. Hapo aliye na AK, bunduki fupi, nyepesi, yenye risasi 30 na isiyompiga teke begani kila akifyatua, ndiye anayewahi kupiga mara ya pili. G3 ikiwekwa kwenye kumimina risasi mfululizo hupanda juu kama mbuzi aliyeshikwa pembe. Ya kwanza inaweza kumpata mtu, ya tatu inakwenda kwa ndege.

Kwa hiyo mahali pana neno lake, na hakuna bunduki iliyo bora kila mahali. Hilo halina ubishi, nami sikawii hapo. Nataka kufika kwenye kisa ambacho kila mtunza ghala la silaha angepaswa kukisoma.

M16 ilitoka mikononi mwa Eugene Stoner, mhandisi ambaye hakuna anayebisha kipaji chake. Aliondoa mbao, akatumia alumini na plastiki, akapata bunduki isiyofika kilo 3 bila magazini, yenye risasi ndogo inayotoka kwa kasi ya mita 990 hivi kwa sekunde. Mtutu na kitako vimekaa katika mstari mmoja, hivyo teke lake linakuja nyuma begani moja kwa moja badala ya kuinua mdomo wa bunduki. Kitufe cha usalama kiko chini ya kidole gumba. Magazini inachomoka kwa kubonyeza kidole kimoja. Ukilinganisha na AK, ambayo lazima uachie mshiko ili usukume lile bati kubwa la usalama linalolia hadi adui ajue umefika, M16 ni kazi ya mtu aliyefikiria mkono wa mwanadamu. Katika kupiga shabaha mita 300 inaishinda AK, tena bila mashaka.

Bunduki hiyo hiyo ilipofika Vietnam katikati ya miaka ya 60 ilianza kuwaua wenyewe. Stoner aliitengeneza kwa kutegemea baruti ya vijiti vyembamba kutoka DuPont. Jeshi likabadilisha, likajaza risasi kwa baruti ya punje za mviringo. Kasi ya kumimina risasi ikapanda hadi kukaribia 1,000 kwa dakika, na masizi yakawa mengi ndani ya mashine. Chemba na mtutu havikupakwa kromu, ingawa bunduki ya M14 iliyotangulia ilikuwa na kromu ndani ya mtutu wake, na Wamarekani walikwisha kuona katika vita vya Pasifiki jinsi joto na mvua vinavyokula chuma. Kutu ikachimba vishimo ndani ya chemba. Risasi ikipigwa, ganda linatanuka na kung'ang'ania humo, bolti inararua ukingo wa ganda, na bunduki inajamu. Dawa yake ni moja: kuingiza ufito kupitia mdomo wa mtutu na kulisukuma ganda nyuma, kama watu wa magobore walivyoshindilia baruti miaka mia moja kabla.

Na ufito haukuwapo. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba bunduki hii mpya haihitaji kusafishwa, vifaa vya usafi vikapelekwa vichache, na vikosi vingine vikawa na ufito mmoja wa kuazimana. Aprili na Mei 1967, katika mapigano ya vilima karibu na Khe Sanh, askari wa Marine walilipa gharama. Barua ya mmoja wao ilisomwa bungeni Washington mwaka huo, ikieleza kwamba karibu kila aliyekufa alikutwa bunduki yake imefunguliwa pembeni yake. Tulia kidogo juu ya maneno hayo. Kijana wa miaka 19 amelala chini ya risasi, ameacha kupigana, anajaribu kuchokonoa ganda la shaba lisilozidi urefu wa kidole, na hana kijiti cha kulichokonolea.

Kamati ndogo ya bunge iliyoongozwa na Richard Ichord wa Missouri ilichunguza, na ripoti yake ya Oktoba 1967 ilisema uzembe wa wakubwa waliohusika ulikaribia jinai. Haikumlaumu Stoner. Tiba ilipokuja ilikuwa ya mambo madogo kabisa: kromu kwenye chemba, marekebisho ya kuipunguzia mashine kasi, mafuta, fito, na mafunzo. Mwaka 1968 jeshi lilitoa hata kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, mchoraji mashuhuri, kumwelekeza askari namna ya kuitunza bunduki yake. Baada ya hapo M16 ilitulia, na vizazi vyake vimeendelea kubebwa zaidi ya nusu karne. Bunduki mbaya ya 1966 na bunduki nzuri ya miaka michache baadaye, kwa jicho la mtu wa kawaida, ni bunduki moja.

Waingereza nao walipitia njia hiyo na SA80 yao, iliyoingia jeshini mwaka 1985 na kulalamikiwa katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Walilazimika kuzirudisha kwa Heckler & Koch zifumuliwe upya kwa gharama ya mamilioni ya pauni. Ilipotoka huko ikawa silaha ya kuaminika, ingawa jina baya lilibaki.

Sasa tuje kwa AK, au SMG kama tunavyoiita Tanzania. Jina hilo huwashangaza wageni, maana kwa wataalamu wa Magharibi hizo ni herufi za bunduki ndogo ya rashasha inayotumia risasi za bastola. Naamini lilikuja pamoja na silaha zenyewe. Wachina walipotengeneza AK yao, aina ya 56, waliiweka katika fungu la rashasha ndogo, na ile SKS yao wakaiita bunduki ya kujikoki yenyewe, ambayo kwetu ikawa SAR. Mimi nilianza na SAR, mwaka 1987, nikiwa kuruta wa JKT. Risasi 10, singe inayokunjwa chini ya mtutu, mbao nzito iliyonichubua bega wakati wa kwata. SMG ilikuja baadaye.

Mkufunzi wetu alikuwa ametembea kwa miguu toka Kagera hadi Kampala mwaka 1979. Hakutuanzishia somo kwa kupiga. Aligeuza bunduki, akabonyeza kimfuniko kidogo cha chuma kwenye kitako, na kikachomoka kibomba. Ndani ya kibomba mlikuwa na brashi na vifaa vya kufungulia bunduki. Kisha akachomoa ufito uliokuwa umelala chini ya mtutu. Alituambia tuvitazame vizuri, maana watu wengi hudhani vitu hivyo ni pambo.

Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akituonyesha. Mikhail Kalashnikov alikuwa mwana wa wakulima kutoka Kurya, huko Altai, aliyejeruhiwa akiwa kamanda wa kifaru mwaka 1941. Yeye na wenzake waliounda AK, iliyopokelewa rasmi mwaka 1949, walijua jeshi lao lilivyo. Walijua askari atakuwa mtoto wa shamba mwenye wiki chache za mafunzo, risasi zitakuwa na chumvi za kuozesha chuma katika viwashio vyake, na vifaa vitachelewa au havitafika kabisa. Kwa hiyo wakapaka kromu ndani ya mtutu na chemba. Wakaacha nafasi kati ya vyuma vinavyotembea ili mchanga na masizi vipate pa kukaa. Ganda la risasi lenyewe limechongoka kidogo, hivyo linatoka kirahisi. Na ufito wakaufunga kwenye bunduki, ili usihitaji kuombwa stoo. Ndiyo sababu nasema sifa kubwa ya AK si kwamba haijamu. Inajamu, nimeiona ikijamu kwa magazini iliyobonyea na kwa mchanga uliokaa siku tatu. Sifa yake ni kwamba iliundwa na watu waliokubali mapema kuwa ofisi itasahau.

Ililipia fadhila hiyo. Shabaha yake ni ya wastani, risasi yake ya mita 715 kwa sekunde huanguka haraka ukipita mita 300, na magazini ya chuma iliyojaa ina uzito wa karibu mara mbili ya ile ya M16. Magazini ikiisha, bolti haibaki nyuma kukujulisha. Unajua umeishiwa pale unapofyatua na kusikia kimya. Askari aliyefundishwa vizuri, mwenye mafuta na risasi safi, akiniuliza achukue ipi nitamwambia achukue M16 ya leo bila kusita. Askari ambaye najua hatapewa kitu baada ya leo, nitampa SMG.

Hapo ndipo moyo wangu unapokuwa mzito, kwa kuwa bunduki inayomsamehe askari asiyetunzwa humsamehe pia mtu asiyestahili kuwa nayo. Aprili 1979 jeshi la Amin lilipokimbia, kambi ya Moroto iliachwa wazi, na wafugaji wa Karamoja walichukua maelfu ya bunduki kutoka ghalani. Tangu siku ile wizi wa ng'ombe kati ya Karamoja, Turkana na Pokot haukuwa tena wa mikuki na mishale. Kama silaha zilizoenea huko zingekuwa zile M16 za 1966, nyingi zingekufa kwa kutu kabla ya masika mawili kupita. AK hazikufa. Zilifukiwa, zikafukuliwa, zikapakwa samli, zikarithishwa. Kaskazini mwa Uganda waasi wa LRA waliwabebesha watoto waliowateka bunduki hiyo hiyo, na watoto waliiweza, kwa sababu kuifundisha ni kazi ya siku moja. Wanaoisifu AK kwamba hata mtoto anaweza kuitumia wasimame mbele ya mama mmoja wa Gulu na kuirudia sifa hiyo.

Kalashnikov mwenyewe hakuikwepa habari hii hadi mwisho. Kabla ya kufa Desemba 2013 alimwandikia barua Patriaki Kirill wa kanisa la Urusi, akieleza maumivu ya roho na kuuliza kama yeye aliye Mkristo ana hatia ya vifo vya watu, hata kama walikuwa maadui. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 90. Baadhi ya watu walisema barua ile ilikuwa ya kujikosha. Mimi ninamheshimu kwa kuuliza. Nchi zetu zilikaa pamoja Nairobi mwaka 2004 na kutia saini itifaki ya kudhibiti silaha ndogo: kuzipiga alama, kuziorodhesha, kuharibu zilizozidi. Kazi hiyo ni ya mtunza ghala yule yule ninayemsema. Ghala lenye daftari na kufuli huamua bunduki inakuwa chombo cha taifa au msiba wa kijiji, na jedwali lolote la uzito na kasi halina nafasi ya kuandika hilo.

Wamarekani sasa wameanza mzunguko mpya. Mwaka 2022 jeshi lao lilichagua bunduki ya SIG Sauer, ambayo leo inaitwa M7, yenye risasi ya milimita 6.8 yenye nguvu nyingi, kwa hofu ya fulana za kuzuia risasi na kwa tamaa ya kupiga mbali zaidi. Ikiwa na sailensa inafika kilo 4.4 na zaidi kidogo, yaani uzito ule ule wa G3 ya Mreno kule Mueda. Magazini yake ya kawaida ni ya risasi 20. Askari aliyezoea kubeba magazini saba zenye risasi 210 sasa atabeba saba zenye 140. Darubini yake inapima umbali na kumwonyesha pa kulenga, hivyo huenda kila risasi itafanya kazi ya mbili, na kama ni hivyo wamepiga hesabu vizuri. Mimi nikipata nafasi ya kuwauliza wahusika, sitauliza risasi inapenya fulana ya namna gani. Nitauliza betri ya hiyo darubini ikiisha usiku wa mvua, nani anayo nyingine, na iko umbali gani na handaki.

Mkufunzi wetu alikuwa na desturi moja jioni. Tulijipanga tukiwa tumefungua bolti, bunduki zikiwa tupu, naye akapita mmoja mmoja akipiga magoti. Alikuwa akiingiza ukucha wa kidole gumba nyuma ya mtutu, penye chemba, akaugeuza kidogo ili mwanga wa jua la kuzama uugonge ukucha na kupanda ndani ya mtutu, kisha anachungulia kutoka mdomoni. Mtutu safi ulimwonyesha mistari inayong'aa ikizunguka hadi chini. Siku moja alipofika kwangu alichungulia kwa muda mrefu, akanirudishia SAR bila neno, akavua kofia, akatoa ndani yake kipande cha kitambaa kilicholowa mafuta na kukiweka kiganjani mwangu. Alikuwa na vipande vingine pale. Usiku ule nilirudi kukaa chini ya taa ya bweni, na kitambaa kilipotoka upande wa pili mara ya nne kilikuwa bado cheusi.